Nikibadili namba ya toleo, kwa nini programu nzima inakompailiwa upya?

Swali: "Shikamoo kaka. Niko Mwanjelwa, Mbeya. Mimi na mwenzangu tumeandika programu ya C++ ya kupokelea kahawa kwenye vyama vya msingi huko Mbozi. Inasoma mizani, inatoa risiti ya mkulima, na usiku inatuma kumbukumbu. Ina mafaili 340 hivi ya .cpp. Skripti yetu inaandika namba ya toleo, tarehe na saa ya kujenga kwenye heda moja, faili la .h ambalo mafaili yote yanaliita, ili kituo kikitupigia simu tujue kina toleo lipi. Shida ni kwamba kila nikijenga, hata nisipogusa chochote, make, chombo chetu cha kujengea programu, inakompaili mafaili yote (inayageuza upya kuwa lugha ya mashine). Laptopu yangu inachukua dakika 22. Umeme ukikatika katikati naanza moja, maana betri imechoka. Mwenzangu, anayeandika app ya simu kwa Java na kusumbuliwa na Gradle, chombo chake cha kujengea, vivyo hivyo, anasema tuondoe namba mpaka msimu uishe. Tufanyeje?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na kamwene kutoka Iringa. Nashukuru umetaja idadi ya mafaili, dakika na hata betri. Kwa maelezo hayo naweza kukujibu bila kubahatisha.

Nianze na mwenzako. Uchovu wake nauelewa, ila namba msiiondoe. Mkulima akisimama dirishani na risiti ya kilo 61 wakati mizani ilisoma 64, jambo la kwanza mtakalotaka kujua ni programu ya kituo hicho ina marekebisho gani. Msipojua, mtahangaika siku nzima na kasoro mliyokwisha kuiondoa wiki mbili nyuma, au mtamwambia mtu kwamba kasoro haipo kumbe ipo. Na hapo pana fedha ya mtu aliyehudumia mibuni yake mwaka mzima. Namba ibaki, ihamishwe tu kutoka hapo mlipoiweka.

Ili uone kwa nini, tazama make inavyofikiri. Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, na mpaka leo haisomi msimbo wako hata mstari mmoja. Inaangalia saa za mafaili, basi. Kama faili la .cpp, au heda yoyote inayoitwa humo, limeguswa baada ya faili la .o lililotokana nalo, basi .o hiyo imepitwa na wakati na inatengenezwa upya. Haijali kama ulichobadili ni mantiki ya mizani au nafasi moja tupu mwishoni mwa mstari.

Sasa skripti yenu, kila mnapoanza kujenga, inaandika heda upya kwa sababu saa imesogea. Heda inakuwa mpya kuliko .o zote 340. Make inafanya ilichoagizwa. Ndiyo maana pia umeme ukikatika unaanza moja: make imeumbwa kuendelea pale ilipoishia, .o zilizokamilika inaziacha, lakini skripti yenu ikianza tena inaandika heda kwa saa nyingine, na zile 200 ulizokwisha kuzikompaili zinazeeka kwa mpigo mmoja.

Wafanyabiashara wa mchele wa Kyela huandika alama juu ya gunia likishashonwa. Hakuna anayeandika alama hiyo kwenye punje. Akitaka kubadili alama anabadili juu ya gunia, mchele haukobolewi tena. Namba ya toleo ni alama ya gunia. Inaeleza programu nzima ikiwa imeshafungwa, kwa hiyo iingie mwisho kabisa, hatua ya kuunganisha .o zote kuwa programu moja, kupitia faili moja dogo. Nyinyi mmeiandika kwenye punje 340.

Kwenye heda, toleo.h, acha tangazo tu bila namba:

```
extern const char toleo_programu[];
```

Na namba yenyewe ikae kwenye toleo.cpp peke yake:

```
#include "toleo.h"
const char toleo_programu[] = "1.4.2";
```

Mafaili yanayoonyesha toleo, na nina hakika hayazidi matatu au manne (risiti, dirisha la "Kuhusu", na kitumaji cha kumbukumbu), yanaita toleo.h. Heda hiyo haibadiliki tena. Namba ikibadilika, kinachokompailiwa ni toleo.cpp, mistari miwili, kisha programu inaunganishwa. Kwa laptopu yako hizo ni sekunde chache.

Usisahau ule mstari wa kuita toleo.h ndani ya toleo.cpp. Katika C, unaweza kuuacha na mambo yakaenda. Katika C++, kitu cha const kilichotangazwa nje ya fankisheni hubaki siri ya faili lake isipokuwa kiwe kimetangazwa extern. Ukiuacha, kompaila itanyamaza, halafu kiunganishi kitalalamika kwamba toleo_programu hakionekani, na utapoteza jioni nzima ukitafuta kosa kwenye Makefile, faili la maagizo ya make.

Hatua ya pili ni kuacha kuandika namba kwa mkono. Mna Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, iulizeni. Kila badiliko mnalolihifadhi humo ni komiti, na jina mnalolibandika komiti ni tagi. Amri ya git describe hutafuta tagi ya karibu zaidi nyuma ya hapo ulipo na kukupa kitu kama 1.4.2-7-g3f9a1c2. Maana yake: tangu tagi 1.4.2 zimepita komiti 7, na komiti mliyosimama inaanza na 3f9a1c2. Herufi g ni ya Git. Ukiongeza --dirty, na kuna faili umelibadili bila kulikomiti, mwishoni litaongezwa neno dirty. Neno hilo lichukulieni kwa uzito. Programu yenye dirty isitoke Mwanjelwa kwenda kituo chochote, kwa sababu msimbo wake haupo popote isipokuwa kwenye laptopu iliyoutengeneza, na kesho hata humo hautakuwepo.

Kipande cha Makefile ni hiki:

```
toleo.cpp: LAZIMA
	@echo '#include "toleo.h"' > toleo.tmp
	@echo "const char toleo_programu[] = \"$$(git describe --tags --always --dirty)\";" >> toleo.tmp
	@if cmp -s toleo.tmp toleo.cpp; then rm toleo.tmp; else mv toleo.tmp toleo.cpp; fi

.PHONY: LAZIMA
LAZIMA:
```

Uzito wote uko kwenye mstari wa cmp. Kanuni inaendeshwa kila mara, lakini maandishi mapya yanaandikwa pembeni kwanza, kisha yanalinganishwa na yaliyopo. Yakiwa sawasawa, jipya linatupwa na toleo.cpp linabaki na saa yake ya zamani. Make ikirudi kuliangalia inaona halijasogea, na haikompaili kitu. Yakitofautiana ndipo linawekwa jipya mahali pake. Mbinu hii ya kuandika pale tu palipo na tofauti itumie kwa kila faili linalozalishwa na skripti, si hili la toleo tu. Ukihamia CMake, chombo kingine cha ujenzi, utaikuta ndani ya configure_file, ambayo haigusi faili kama maandishi hayajabadilika. Ukihamia Ninja, mbadala wa make, utaikuta kwa jina la restat.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. Faili la toleo.cpp sasa linazalishwa, kwa hiyo liondoe kwenye Git na uliandike ndani ya .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git huyaacha. Likibaki ndani ya Git, kuliandika tu kutaifanya ripo (hazina ya msimbo ya Git) ionekane imebadilika, na dirty haitaondoka milele. Ukilikomiti, komiti mpya ina kitambulisho kipya, na faili linapitwa tena. Jambo la pili: kama Makefile yako inaokota mafaili yote ya .cpp kwa wildcard, yaani kwa alama ya *.cpp, kwenye ripo iliyotoka kunakiliwa toleo.cpp bado halipo na halitaokotwa. Litaje kwa jina lake, na ulitoe kwenye orodha ya wildcard lisije likaingia mara mbili.

Wengine watakushauri upitishe namba kwa flagi ya kompaila, ile -D. Mimi sikushauri, na sababu inategemea chombo unachotumia. GNU make haikumbuki flagi zilizotumika jana. Ukibadili -D kutoka 1.4.2 kwenda 1.5.0, mafaili uliyoyagusa yatabeba 1.5.0 na mengine yatabaki na 1.4.2. Risiti itasema moja, kumbukumbu itasema nyingine, na hapo ni afadhali usingekuwa na namba. Ninja nayo hukumbuka amri iliyolizalisha kila faili, ikiona flagi imebadilika inakompaili yote, na umerudi kwenye dakika 22. Kama huna budi kutumia -D, iwekee faili moja tu lile la toleo.

Kuhusu saa ya kujenga. Najua kwa nini mnaipenda: inatoa picha kwamba mnajua programu ilitoka lini. Lakini saa ile inaeleza ulibonyeza Enter lini, haielezi ndani mna nini. Msimbo uleule ukijengwa Jumatatu na Jumanne utatoa programu mbili tofauti kwa baiti, na hutaweza kuzilinganisha na kusema ni kitu kimoja. Chukua saa ya komiti badala yake; git log -1 --format=%cd inakupa. Haitasogea mpaka msimbo usogee. Kama mna mahali popote mmetumia makro za __DATE__ na __TIME__, ambazo kompaila huzijaza tarehe na saa ya kukompaili, zing'oeni. Watu wa Debian, mfumo wa Linux, wamekuwa wakipambana na jambo hili tangu 2013 katika juhudi yao ya kufanya kila kifurushi kijengeke sawasawa baiti kwa baiti, na tarehe zilizopachikwa ni miongoni mwa vizuizi vilivyowasumbua sana. Kutokana na kazi hiyo kulizaliwa kigeu cha mazingira SOURCE_DATE_EPOCH, ambacho kompaila ya GCC inakiheshimu tangu toleo la 7: ukikiweka, makro hizo zinatoa saa uliyochagua wewe. Kwa programu yenu, kuziondoa ni rahisi zaidi.

Hapo tatizo la namba limekwisha. Ila nina wasiwasi kwamba ukishalirekebisha utagundua jingine lililokuwa limejificha nyuma yake, kwa hiyo nalisema sasa.

Kwa kuwa kila mara mlikuwa mnakompaili vyote, hamjawahi kujua kama Makefile yenu inazifahamu heda nyingine. Ukibadili mizani.h, je, make inajua ni mafaili yapi yanaiita? Kama orodha hiyo iliandikwa kwa mkono, au haipo, utabadili muundo wa data ndani ya mizani.h, mafaili mawili yatakompailiwa na kumi na tano yatabaki na muundo wa zamani. Programu itaunganishwa bila neno. Halafu kilo zitasomwa mahali palipo na namba ya simu ya mkulima. Mtu akishaumwa na jambo hilo mara moja huanza kuandika make clean kabla ya kila make, na nimewaona vijana wenye uwezo mkubwa wakiishi hivyo miaka mingi. Siwalaumu, kwa sababu ujenzi uliwahi kuwadanganya. Lakini dawa ni kuufanya ujenzi useme kweli. Waongezee GCC au Clang flagi mbili, -MMD na -MP, na kompaila yenyewe itaandika kando ya kila .o faili dogo la .d lenye orodha ya heda zenu zote zilizoitwa. Kisha mwishoni mwa Makefile weka

```
-include $(wildcard *.d)
```

na make itajua kila uhusiano bila wewe kuandika kitu. Fanya hili siku hiyohiyo unayohamisha namba ya toleo. Usiliache kwa kesho.

Halafu kuna saa ya kompyuta yenyewe, na hapa nina kisa changu. Miaka ya nyuma nilikuwa natengeneza programu ya kuhesabu mbao kwa mfanyabiashara mmoja wa Mafinga. Nilitumia kompyuta ya mezani ambayo ile betri ndogo ya duara kwenye ubao wake ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi miaka kadhaa nyuma, Januari mosi. Siku moja umeme ulirudi, nikafungua kazi, nikarekebisha kosa la ujazo wa mbao, nikajenga, nikapeleka. Skripti yangu ilikuwa inakompaili faili la toleo na kuunganisha programu kwa lazima kila mara, kwa hiyo skrini ilionyesha toleo jipya. Kumbe faili nililolirekebisha lilikuwa limepewa saa ya miaka ya nyuma. Make ikaliona ni la zamani kuliko .o yake, ikaliruka. Nikawa nimepeleka namba mpya juu ya msimbo wa kale, na kwa siku nne tulibishana na mteja nikimwambia kosa limekwisha, naye akinionyesha mahesabu yaleyale. Alikuwa sahihi siku zote nne.

Make ilikuwa imenionya. Iliandika kwamba kuna mafaili yenye saa ya mbeleni na kwamba huenda ujenzi haukukamilika. Mistari hiyo niliizoea nikaipita. Ukiiona, simama, rekebisha saa, kisha make clean mara moja, na hapo ndipo amri hiyo ina kazi yake halali. Na betri hiyo ndogo kanunue leo, ni bei ya chai na maandazi ya watu wachache.

Umeme una madhara mengine. Ukikatika ghafla, faili la .o lililokuwa linaandikwa linaweza kubaki tupu kabisa, lenye saa mpya. Make inaona ni jipya, inaliacha, na kiunganishi kinagoma kwa ujumbe usioeleweka. Baada ya kila kukatika kwa ghafla, endesha hii kabla ya make:

```
find . -name '*.o' -size 0 -delete
```

Vilevile msihamishe folda nzima ya kazi kwa flashi kati yako na mwenzako. Flashi nyingi hutumia FAT32, ambayo huhifadhi saa za kubadilishwa kwa hatua za sekunde mbili, na kunakili kwenyewe mara nyingi hupanga saa upya. Make ikiletewa saa za namna hiyo haina cha kushika. Kama intaneti ni ghali au haipo, Git ina amri ya bundle inayofunga komiti zote ndani ya faili moja; hilo libebeni kwenye flashi, na kila mmoja ajenge kwake.

Sasa kuna aina ya namba ambayo nataka ikae ndani ya msimbo, na nataka ikibadilika mafaili yakompailiwe upya. Ni toleo la muundo wa data. Vituo vyenu vinatuma kumbukumbu usiku. Faili hilo lina mpangilio wake. Siku mtakapoongeza daraja la kahawa kwenye kumbukumbu, mpangilio umebadilika, na upande unaopokea lazima uambiwe. Namba hiyo iwe namba nzima ya kawaida: 1, 2, 3. Ikae kwenye heda ya muundo wenyewe, kando ya vitu inavyovieleza. Haitabadilika zaidi ya mara moja au mbili kwa msimu, na ikibadilika, kila faili linalosoma muundo huo linahitaji kweli kukompailiwa. Kama kituoni mnahifadhi kwa hifadhidata ya SQLite, faili la data lina nafasi iliyotengwa kwa kazi hiyo, user_version, inayosomwa na kuandikwa kwa amri ya PRAGMA. Ninachokiona mara nyingi ni watu kutumia namba ya toleo la programu kufanya kazi hii: "kama toleo ni 1.4 au zaidi, soma daraja." Baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka 1.4 ilikuwa na nini, na kila toleo jipya linakuwa hofu.

Namba ya programu yenyewe nitaipita haraka. Utaratibu wa namba tatu unaojulikana kama Semantic Versioning, ulioandikwa na Tom Preston-Werner na kufikia toleo lake la 2.0.0 mwaka 2013, ulilenga hasa maktaba zinazotumiwa na programu nyingine: namba ya kwanza ikipanda, waliokutegemea wanaweza kuvunjikiwa. Programu yenu haitegemewi na programu za watu, inategemewa na makarani. Mimi ningeipa maana ya kwao: namba ya kwanza ikipanda, vituo vyote lazima vibadilishwe pamoja, ya pili ikipanda, kuna kitu kipya cha kuonyesha karani, ya tatu ni marekebisho tu. Donald Knuth hupa TeX, programu yake ya kupanga kurasa, namba inayoongezeka tarakimu kuikaribia pai, na kwa kazi iliyokamilika kiasi kile inapendeza. Nyinyi bado mna safari.

Ila angalieni mtego mmoja. Mkifika 1.10, msilinganishe matoleo kama maandishi. Kwa maandishi, 1.10 huja kabla ya 1.9, kwa sababu herufi 1 hutangulia 9. Kama programu ya kituo inauliza "kuna jipya?", itakaa na 1.9 ikiamini ndiyo ya mbele. Gawanya kwenye nukta, linganisha kila kipande kama namba.

Kwa mwenzako wa Java. Huenda ana kitu kama public static final String TOLEO = "1.4.2". Kompaila ya Java hainakili jina la thamani thabiti kama hiyo, hunakili thamani yenyewe na kuipachika ndani ya kila klasi inayoitumia. Huko ni kuandika kwenye punje kwa maana halisi. Ikibadilika, ama klasi zote hizo zikompailiwe upya, ama zibaki na namba ya zamani. Aifanye iwe fankisheni inayorudisha namba, na klasi nyingine ziiulize wakati programu inaendeshwa. Pili, aangalie build.gradle. Kama versionCode au versionName, yaani namba na jina la toleo la app, inakokotolewa kwa saa ya sasa, kila ujenzi unagusa manifesti (faili la maelezo ya app), na kazi nyingi zinazoifuata haziwezi kurukwa. Kwenye ujenzi wa majaribio aweke thamani isiyobadilika, ile ya kweli aikokotoe kwenye ujenzi wa kutoa tu. Na akumbuke versionCode ni namba nzima, Google Play haipokei inayozidi 2100000000. Wanaoitengeneza kwa kuunganisha tarehe na saa, kama 2506141530, tayari wameshapita hapo.

Kuna kitu kimoja cha mwisho kinachoweza kukurudishia dakika. Git haihifadhi saa za mafaili. Ukihama kutoka tawi moja la kazi kwenda jingine na kurudi, kila faili lililotofautiana kati ya matawi hayo linaandikwa upya kwa saa ya sasa, na make inalikompaili hata kama maandishi yamerudi yaleyale. Kwa hilo weka ccache, ambayo chimbuko lake ni Andrew Tridgell, yule wa Samba na rsync. Yenyewe haiangalii saa. Inachukua alama ya maandishi na flagi, na kama imewahi kuona mchanganyiko huohuo inakurudishia .o iliyohifadhiwa. Faili lenye __TIME__ ndani haliwezi kunufaika, kwa sababu kila mara maandishi yake yanakuwa mapya. Unaona tena kwa nini nilisema mziondoe. Kama diski yako ina nafasi, git worktree nayo ni nzuri: tawi la msimu linakaa folda yake, la majaribio folda yake, kila moja na .o zake.

Ukimaliza yote, komiti, kisha andika make, ngoja iishe, uandike make tena papo hapo. Mara ya pili isikompaili kitu chochote na isiunganishe chochote. Halafu badili neno moja kwenye faili la risiti, ujenge: litakompailiwa faili hilo, na toleo.cpp pia kwa sababu sasa kuna dirty, kisha kuunganisha. Mafaili mawili, basi. Yakizidi hapo, endesha make --trace, itakutajia kila faili na sababu iliyolifanya lijengwe. Nitumie mistari ishirini ya mwanzo ya majibu hayo pamoja na Makefile yenu, nami nitaisoma.